Msimamizi wa Sauti

"Ndizi au wali?" Tusekile aliuliza kutoka jikoni.

Hakujibiwa. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati kama kawaida yake, kwa hiyo alidhani hakusikika. Akatoka na mwiko mkononi. Mumewe, Gwakisa, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, wa kushoto umeshika kiganja, kile chombo cha mawasiliano. Kwenye kioo cha kiganja duara dogo la kijani lilikuwa likizunguka. Gwakisa alimtazama mkewe, akalitazama duara, akamtazama tena mkewe.

"Baba Lusako, nimeuliza. Ndizi au wali?"

Duara lilizunguka. Sufuria ilianza kufoka jikoni. Tusekile alirudi akaipunguzia moto, akakoroga, akafunika, akatoka tena, na duara bado lilikuwa pale pale.

"Ndizi," kiganja kikasema hatimaye.

Kilisema kwa sauti ya Gwakisa mwenyewe, ile nene yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Kiharusi kilipompiga, misimu miwili ya mvua iliyopita, kilimchukulia ulimi na mkono wa kulia kwa pamoja. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na bahati yake ilikuwa kwamba miaka yote hiyo mazoezi yalikuwa yakirekodiwa. Mafundi wa hospitali walizichukua rekodi hizo wakaisuka sauti yake upya, wakaitia ndani ya kiganja. Nyuma ya sikio wakambandika kibandiko kidogo kama punje ya kunde. Kibandiko kilisoma neno kichwani, kiganja kikalitamka. Walipomaliza, jambo la kwanza Gwakisa alilosema lilikuwa: "Mama Lusako, umekonda. Nani alikuwa anakula chakula chako?" Manesi wote walicheka, Tusekile akalia.

Baada ya hapo waliishi kama zamani. Walibishana. Gwakisa alimkatiza maneno kama alivyokuwa akimkatiza siku zote, na yeye akamwambia anyamaze, naye hakunyamaza.

Ndipo likaja toleo jipya. Halikuomba ruhusa. Lilijiingiza lenyewe kwenye viganja vyote siku moja ya mvua, kama jirani asiyejua kupiga hodi, na kesho yake mji mzima ulikuwa unalalamika. Picha zilifunguka mpaka chai ikapoa. Ndege ndogo za kubebea maziwa, zilizokuwa zikiongozwa kwa viganja kutoka mashambani, zilining'inia juu ya kituo cha kupokelea zikingoja amri ambayo bado ilikuwa inatafakariwa. Watu walisonya, wakavitikisa viganja vyao, kisha wakazoea.

Tusekile naye angezoea. Kiganja chake mwenyewe kilikuwa kimekuwa kizito na hakumlaumu mtu. Lakini cha Gwakisa hakikuwa simu wala picha. Ndicho kilikuwa mume.

*

Tusekile alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha chai. Mashine za kuonja zilikuwapo, zenye pua na ndimi za chuma, lakini wanunuzi bado walitaka kusikia ulimi wa mtu umesema nini. Siku nzima alikuwa akivuta chai kwa kishindo, akiizungusha mdomoni, akiitema, akisema: kali, imelala, ina moshi, hii iendelee. Kazi ilipoisha, bwana Mwakalinga, mkuu wa chumba cha kuonjea, alimpa lifti kama alivyozoea. Alikuwa mtu wa hadithi, huyo Mwakalinga. Tusekile alishukia njia panda, akafungua mwavuli, akapanda kilima kwa miguu.

Alhamisi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya, na mvua ilikuwa kubwa. Akaona apitie kanisani amchukue mumewe. Alipofika karibu na dirisha alisikia sauti yake.

"Subilaga, umeingia mapema mno. Unakimbilia pilau?"

Kwaya ikacheka. Sauti ya mwanamke ikajibu: "Mwalimu, nakimbilia kiitikio. Pilau mnanipa nyinyi?"

"Utapewa ukiimba noti ya Mungu, siyo ya kwako."

"Ya kwangu ni tamu zaidi."

"Tamu ndiyo, lakini imepanda. Shuka kidogo. Hapo. Hapo hapo, usihame."

Tusekile alisimama palepale, maji yakimtiririkia viatuni. Hakukuwa na kungoja. Neno lilifuata neno, utani ukafuata utani, kama mpira kati ya watu wanaojuana mchezo. Alisogeza uso kwenye kioo. Gwakisa alikuwa amesimama mbele ya wanakwaya, mkono wa kushoto juu, kiganja kimening'inia kifuani kwa kamba. Mbele yake alikuwa Subilaga, mwalimu kijana wa shule ya msingi, kiongozi wa sauti ya kwanza, amevaa gauni la njano. Alikuwa anacheka huku ametupa kichwa nyuma. Na Gwakisa alikuwa anamtazama kwa ule upande wa uso wake ulioweza bado kutabasamu.

Tusekile aligeuka akaondoka na mwavuli wake. Mume wake akaletwa nyumbani baadaye na huyo huyo Subilaga, wamejifunika turubai moja.

"Shikamoo, Mama Lusako."

"Marahaba. Mmelowa."

"Mwalimu ndiye aliyelowa, mimi amenikinga yeye," Subilaga alisema, akacheka tena kile kicheko.

Tusekile aliwakaribisha chai. Aliimimina mwenyewe, akaweka vikombe, kisha akasimama mbele ya mumewe na birika mkononi.

"Baba Lusako, nikuongeze sukari?"

Duara likaanza kuzunguka. Gwakisa alimtazama. Subilaga akatazama kikombe chake, kisha dirisha, kisha tena kikombe. Duara likazunguka. Ukimya ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba Subilaga, kwa huruma tu, alijisahau akasaidia.

"Mwalimu, anakuuliza sukari. Uongezewe?"

"Kidogo tu," kiganja kilijibu papo hapo. "Asante."

Tusekile aliweka sukari. Mtu aliyezoea kubeba vikombe vya chai moto siku nzima hamwagi. Lakini usiku ule hakusema neno, na hakuulizwa kwa nini. Au labda aliulizwa, na swali likabaki linazunguka.

*

Duka la Atupele, fundi wa viganja, lilikuwa nyuma ya stendi. Tusekile alikuta watu wamejipanga mpaka nje. Mzee mmoja alikuwa anadai kiganja chake kimepewa limbwata. Mama mwingine alisema maziwa yake yamegandia hewani. Atupele, mwanamke mnene mwenye miwani iliyokaa juu ya nywele, aliwajibu wote kwa sentensi moja: "Ni toleo jipya, mama. Ni toleo jipya, baba. Siyo mimi."

Zamu ya Tusekile ilipofika, alieleza. Alieleza kila kitu isipokuwa Subilaga. Kisha Atupele akauliza:

"Anachelewa kwa watu wote?"

"Hapana."

"Anachelewa kwa nani?"

"Kwangu."

Atupele alishusha miwani machoni. Alimvuta Tusekile nyuma ya pazia, akamketisha kwenye kreti.

"Sikiliza, dada yangu. Toleo la zamani lilikuwa linangoja. Mumeo alikuwa analitunga neno, anataka kulisema, anasukuma kama vile ulimi bado upo, ndipo kiganja kinalidaka. Sivyo? Hili jipya halingoji. Linataka kukuwahi. Kwangu mimi na wewe linabahatisha tutabonyeza nini kabla hatujabonyeza, ndiyo maana vimekuwa vizito, vinafanya kazi ambayo hatukuvituma. Sasa kwa mtu kama mumeo, anayesomwa kichwani, linadaka wazo likiwa bado halijavaa nguo."

"Wazo gani?"

"Lolote. Wewe ukikaa na mtu unawaza mangapi? Ana harufu ya kitunguu, nina njaa, huyu simpendi, mguu unawasha. Unayasema?"

"Hapana."

"Basi. Kampuni ikaona hiyo ni hatari, ikaweka chujio. Kila wazo linapita kwenye chujio kwanza: hili mwenyewe anataka litoke, hili hataki, hili libaki, hili lipite. Kukiwa na machache, linapita haraka. Kukiwa na mengi..." Atupele alizungusha kidole hewani kama lile duara.

Tusekile alikifuata kidole kwa macho. "Kwa hiyo mtu anayejibiwa haraka, hakuna anachofichwa."

"Ndiyo maana yake."

"Na mimi nafichwa."

"Sikusema hivyo."

"Umesema kuna mengi."

"Nimesema kuna mengi. Mengi gani, mimi sijui, na kiganja hakijui, kinachuja tu." Atupele alihema. "Mwingine angefurahi. Angalau kuna mengi."

Tusekile hakufurahi. Kwa Subilaga, Gwakisa alikuwa wazi kama mlango wa kanisa. Kwake yeye, aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemgeuza kitandani, kulikuwa na lango na mlinzi.

"Chujio linaweza kutolewa?" aliuliza.

Atupele alichelewa kujibu, yeye ambaye hakuwa na kibandiko chochote. "Linaweza. Ipo sehemu ya marekebisho ya ndani. Lakini anayeruhusu ni mwenye sauti."

"Au msimamizi wake."

"Au msimamizi wake," Atupele alikubali. "Ni wewe?"

Alikuwa yeye. Hospitalini, Gwakisa alipokuwa hawezi kusema wala kuandika, walimwambia achague mtu wa kusimamia sauti yake, atakayekubali matengenezo kwa niaba yake. Walimtajia majina, na alipolisikia la Tusekile aliubana mkono wa mkewe huyo kwa nguvu zote za mkono uliobaki. Tangu siku ile dole gumba la Tusekile lilifungua kila kitu ndani ya kiganja kile.

"Nisikilize tena," Atupele alisema. "Mwanangu juzi alikichukua kibandiko cha mteja akakibandika kwa mchezo, chujio likiwa limezimwa. Hili jipya linasoma kichwa chochote. Kiganja kikamtukana mwalimu mkuu mbele ya baba yangu mzazi. Mtoto bado ana alama za fimbo, na hakusema kitu, aliwaza tu. Ningekuwa wewe ningemwuliza mume wangu kwanza."

"Nikimwuliza atachelewa kunijibu," Tusekile alisema.

*

Alikaa na jambo hilo. Kiwandani alionja chai akaikosea, akaiita nyepesi iliyokuwa kali, na Mwakalinga akamtania njia nzima mpaka naye akacheka bila kupenda. Nyumbani alimtazama Gwakisa akila. Alijiambia kwamba mtu ana haki ya kuwaza anachowaza. Kisha akakumbuka gauni la njano, na haki ile ikawa ndogo.

Jumapili alasiri Gwakisa alijilaza kwenye kochi baada ya ibada. Alikuwa amekibandua kibandiko, akakiweka mezani pamoja na kiganja, kama mtu anayevua viatu. Tusekile alikichukua kiganja. Aliweka dole gumba. Sehemu ya marekebisho ya ndani ilifunguka taratibu, kwa uzito ule ule wa vitu vyote siku hizo, na kila ukurasa ulipokuwa ukijivuta alipata nafasi ya kuacha. Alipewa nafasi nyingi. Kiganja kilimwuliza mwishoni kama ana hakika. Akaweka dole tena.

Gwakisa alipoamka, alinyoosha mkono wa kushoto, akakipata kibandiko, akakibandika nyuma ya sikio bila hata kutazama. Tusekile alikuwa ameketi mbele yake. Alikuwa amevaa kanga nzuri. Hakujua kwa nini ameivaa.

"Baba Lusako. Subilaga ni nani kwako?"

Duara halikutokea kabisa.

"Sauti ya kwanza," kiganja kilisema. "Anapanda juu ya noti. Anachelewa kurudi kutoka mapumzikoni. Kwa nini Subilaga. Umevaa ile kanga. Shingo yako. Bado naipenda shingo yako. Usiufanye uso huo."

Gwakisa alishtuka. Alikitazama kiganja kama anayesikia mtu mwingine chumbani.

"Uso wa kungoja," sauti iliendelea, haraka, bila kupanda wala kushuka. "Ukiuliza kitu unaufanya, kama mtu anayetazama maharage hayaivi. Ndiyo maana nakawia zaidi. Mkono wangu unanuka dawa. Unaponiosha unageuza kichwa, unadhani sioni. Ningekufa siku ile hospitali. Ungelia ukamaliza, ukaolewa. Nilikusikia ukimwambia dada yako umeolewa na simu. Ulicheka. Nilikuwa macho."

"Baba Lusako..."

"Kanisani hakuna anayeniosha. Kule mimi ni mwalimu. Kule naimba kwa mkono. Mwakalinga. Kwa nini anakushusha njia panda. Gari lina nguvu, linapanda kilima, kwa nini halifiki hapa mlangoni. Nakuona kutoka dirishani. Unapanda unatabasamu. Ukifika mlangoni unaacha. Kila siku unaacha pale pale mlangoni."

Gwakisa alikifunika kiganja kwa mkono wake mmoja, kama mzazi anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni. Sauti ilitoka chini ya vidole.

"Umefanya nini. Chujio. Umelitoa chujio. Tusekile. Nilikubana mkono nikakuachia sauti yangu. Wewe. Ningejua ningembana nesi. Siyo hivyo. Sikutaka kusema hivyo. Nyamaza. Nyamaza. Vaa wewe. Vaa wewe, tusikie na ya kwako."

Akakibandua kibandiko. Kiganja kikanyamaza. Akamnyooshea mkewe kile kibandiko, kimenata kwenye ncha ya kidole.

Tusekile alikipokea. Kilikuwa na joto la mwili wake. Kitu chepesi kama hicho; nywele zenyewe zingeweza kukificha. Angekibandika na angesema nini? Alijua angesema nini. Angesikia sauti ya mumewe, maana kiganja hakikuwa na sauti nyingine, ikieleza harufu ya ndani ya gari la Mwakalinga, na namna anavyosimulia hadithi akiwa ameachia usukani, na yeye Tusekile anavyotamani kilima cha njia panda kiwe mbali zaidi. Hakuna lililofanyika. Hakuna hata mkono ulioguswa. Lakini kibandiko hakiulizi lililofanyika.

Alikiweka mezani.

Gwakisa alikitazama kibandiko pale juu ya meza kwa muda. Kisha akamtazama mkewe. Hakuwa na chombo cha kusema alichokiona, na hakukihitaji. Aliinuka, akajikokota hadi chumbani, akafunga mlango.

*

Tusekile alilirudisha chujio jioni ile ile. Haikusaidia kitu. Mbele yake Gwakisa hakukivaa tena kibandiko. Alikubali kwa kichwa, akakataa kwa kichwa, akaonyesha kwa kidole. Alijifunza kujiosha mwenyewe, akimwaga maji bafuni kote, na Tusekile akisogea karibu alimnyooshea kiganja cha mkono: baki huko.

Lakini akiwa barazani alikivaa. Tusekile alikuwa ndani akimsikia anaongea na wapita njia. Aliongea na mwuza mkaa. Aliongea na watoto wa jirani kuhusu mpira. Kila jibu lilitoka mbio, na kila jibu lilimchoma. Wivu wake, uliokuwa na gauni moja la njano, sasa ulikuwa umesambaa mtaa mzima. Alimwonea wivu mwuza mkaa. Kutoka kiwandani alianza kurudi kwa miguu, akimwambia Mwakalinga kwamba daktari amemshauri atembee. Mwakalinga alisema ni ushauri mzuri, akamwangalia, akawasha gari.

Kisha, asubuhi moja, Gwakisa alikuja jikoni amevaa kibandiko. Alisimama mlangoni. Duara lilizunguka kwa muda mrefu, na Tusekile aliyekuwa anamenya ndizi hakuinua uso. Aliendelea kumenya mpaka sauti ikaja.

"Nataka kubadili msimamizi. Twende wote. Dole lako linahitajika."

"Haya," alisema Tusekile.

Dukani kwa Atupele watu walikuwa wachache. Subilaga alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi na mkoba wa shule mapajani. Alipomwona Tusekile alisimama haraka mno, mkoba ukaanguka, kalamu zikatawanyika.

"Shikamoo, Mama Lusako. Mimi nimeitwa tu. Sijui hata ni kitu gani. Mwalimu alisema nije dukani."

Tusekile aliitikia. Alielewa kabla mtu hajasema.

Atupele alikiweka kiganja mezani, akazungumza kwa sauti ya kiserikali iliyokuwa haimfai. "Sheria ni kwamba mwenye sauti aseme mwenyewe. Mwalimu Gwakisa, unamtaka nani awe msimamizi wako?"

"Subilaga," kiganja kilisema mara moja, maana aliyeuliza alikuwa Atupele.

"Mwalimu, hapana!" Subilaga alisema. "Mimi? Una mke. Una dada zako kule Kiwira. Watu watasemaje? Mama Lusako atanionaje?"

"Kwako sina kitu cha kuibiwa," Gwakisa alimjibu. "Unanijua kwa noti tu. Ukinifungua hutakuta kitu kinachokuhusu. Ndiyo maana nakuchagua wewe."

Subilaga alikaa chini polepole. Sasa alimtazama Tusekile, na ilionekana wazi kwamba mpaka dakika hiyo hakuwa amefikiri kuwa mtu angeweza kumwonea wivu. Uso wake ulijaa aibu ya kitu ambacho hakukifanya.

"Mama Lusako, ukisema hapana nakataa sasa hivi."

Wote wakamngoja. Tusekile alikuwa na hapana tayari mdomoni. Alikuwa nayo tangu kanisani, tangu kwenye birika la chai. Angeisema, na Subilaga angekataa, na Gwakisa angebaki amefungwa kwenye dole la mtu asiyemwamini. Alimtazama mumewe, akaona kwamba hakuwa amemleta pale amwadhibu. Alikuwa anaogopa tu. Ndivyo anavyosimama mtu aliyevunjiwa nyumba, anapokabidhi funguo kwa jirani.

"Chukua, mwanangu," alimwambia Subilaga. "Lakini asipotaka kufunguliwa, usimfungue. Hata mimi nikikuomba. Hata nikilia."

"Sitamfungua."

Tusekile akaweka dole gumba kwa mara ya mwisho. Kiganja kilifikiri, kama kawaida yake. Kisha jina lake likafutika.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, wawili. Mawingu yalikuwa yameshuka mpaka katikati ya mashamba ya chai, na mashine za kuchumia zilikuwa zimesimama mistarini zikingoja amri. Gwakisa alitembea kwa kuburuta mguu. Tusekile akatembea kwa kasi hiyo hiyo. Gwakisa hakukibandua kibandiko. Hilo peke yake lilikuwa jambo, lakini Tusekile hakuthubutu kulisema.

Kwenye njia panda Gwakisa alisimama kupumzika. Duara lilikuwa linazunguka kifuani mwake. Huenda lilianza kuzunguka tangu stendi.

"Na Mwakalinga?" kiganja kikauliza.

Maneno mawili. Angeweza kuuliza kwa hasira au kwa matusi, na hayo yote bila shaka yalikuwepo humo ndani, lakini haya ndiyo aliyoyaruhusu yatoke.

Jibu la kwanza la Tusekile lilikuwa "hakuna kitu", nalo akalizuia. La pili lilikuwa la kumlaumu, akalizuia. La tatu lilikuwa la kulia. Gari moja lilipita, likawarushia matope kidogo. Gwakisa hakumharakisha. Aliitazama chai.

"Hakuna kilichofanyika, Baba Lusako," alisema mwishowe. "Naapa. Lakini siyo kwamba hakuna kitu. Ananichekesha. Nilikuwa nashukia hapa ili nipande kilima peke yangu nikiwa bado nacheka. Sikutaka kicheko kiishe mbele yako, wala sikutaka ukione."

Gwakisa alisikiliza. Upande mmoja wa uso wake ulikakamaa. Ule mwingine ulibaki ulivyo siku zote. Duara likaanza. Likazunguka, likazunguka. Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kioo, la pili, na Tusekile alijua kwamba mengi yalikuwa yanapita mle ndani, mabaya na mazuri, yakiinuliwa moja moja na kurudishwa. Alitamani kuyajua. Aliificha mikono yake ndani ya kanga.

"Twende," kiganja kilisema. "Mvua inakuja."

Tusekile akamfungulia mwavuli, wakapanda kilima.